Chelezo Mtwara au Lindi? Tuhesabu tani, maji na oda kabla ya kutaja meli

Mkuku (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za kazi. Kila gesi ya bahari kuu inapotajwa, yupo anayesema Mtwara na Lindi zijengewe kiwanda cha meli, na yupo anayemjibu kwamba hiyo ni kazi ya Wakorea. Wote wawili hawataji tani. Uwezo wa kiwanda cha meli hupimwa kwa tani za chuma zinazokatwa, kuchomelewa na kupita ukaguzi kwa mwezi, na kwa muda ambao kazi hiyo inaweza kuendelea bila mafundi kutawanyika.

Tuanze na hao Wakorea. Hyundai walianza kujenga uwanja wa Ulsan Machi 1972, na Juni 1974 uwanja ulikuwa tayari pamoja na meli mbili za mafuta, kila moja ya kubeba tani 260,000 hivi. Wengi hunukuu hapo na kukomea hapo. Yaliyofuata yana faida zaidi kwetu. Mshtuko wa mafuta wa 1973 uliwafanya wateja wa meli za mafuta wajiondoe, na mwaka 1976 kundi lilelile likaanzisha kampuni ya usafirishaji ili kuzipa kazi meli zilizokosa mnunuzi. Mwaka 1975 walikuwa wameshafungua Hyundai Mipo, uwanja wa kutengeneza meli za watu wengine. Yaani wakubwa nao walihitaji kazi ya ukarabati iwalishe wakati oda mpya zimekauka.

Sasa tazama ng'ambo ya Ruvuma. Coral Sul, mtambo unaoelea wa kusindika gesi, una urefu wa mita 432 na upana wa mita 66, na umefungwa kwenye maji ya kina cha mita 2,000 hivi, kwenye bonde lilelile la gesi tunalochangia na Msumbiji. Ulijengwa Geoje, Korea Kusini, ukafika Januari 2022, na Novemba mwaka huohuo ukatoa shehena ya kwanza. Mtambo wa namna hiyo haujengwi kwenye uwanja mchanga, na sioni faida ya kuota hivyo. Lakini kila kitu kinachoelea huhitaji tagi (meli ndogo za kuvuta), boti za wahudumu, nyaya za kunyanyulia, makontena, rangi na mabamba ya kubadilisha. Hiyo ndiyo kazi iliyo karibu na mikono yetu.

Msimamo wangu: tuanze na ukarabati wa vyombo vya kati ya mita 15 na 60, halafu ujenzi utokane na huo ukarabati. Mwenye hoja nyingine alete, ila alete na hesabu.

Bamvua

Mkuku, naunga mkono, na nianze na maji kwa sababu ndiyo mtaji ambao Mwanza, wanaojenga meli ziwani, hawana. Ziwa halina kupwa na kujaa. Mtwara na Lindi wakati wa bamvua, yaani maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3. Kwa mjenzi wa chelezo, yaani njia ya reli ya kupandishia vyombo nchi kavu, hiyo ni nafuu kubwa, maana sehemu ndefu ya reli za chini inaweza kujengwa maji yakiwa yamekupwa, wazamiaji wakabaki na kipande cha mwisho tu.

Hesabu iko hivi. Chukua kivuko kinachozama mita 1.8. Ongeza urefu wa kitanda cha magurudumu kinachokibeba, mita 1 kutoka juu ya reli. Ongeza nafasi ya sentimita 30 ili chombo kielee juu ya kitanda bila kugusa. Jumla mita 3.1. Kwa mteremko wa 1 kwa 16, reli zitatakiwa ziende mita 50 hivi kutoka mstari wa maji makuu. Ukitaka kupandisha vyombo hata siku za maji mafu, ambapo maji makuu yenyewe yanaweza kuwa chini kwa mita nzima, ongeza mita nyingine 16 za reli, na hizo zitakuwa chini ya maji karibu muda wote. Hapo gharama inaruka. Wengi wataamua kufanya kazi na bamvua peke yake, mara mbili kwa mwezi, mwezi ukiandama na mwezi ukiwa mpevu.

Winchi: chombo cha tani 500 pamoja na kitanda, kwenye mteremko wa 1 kwa 16, kinavuta kurudi majini kwa nguvu ya tani 31 hivi. Msuguano wa magurudumu ya chuma, ukiuweka asilimia 2.5, unaongeza tani 12.5. Ni tani 44 kwenye waya. Wakati wa kuanza kuondoka huwa zaidi, hasa kitanda kikiwa kimelala majini wiki mbili na mchanga umeingia kwenye beringi za magurudumu. Kwa hiyo winchi ya tani 15 yenye kapi za kupitisha waya mara nne itatosha kwa karibu sana, na mimi nisingeikubali. Ya tani 20 na kuendelea ndiyo ya kulala usingizi.

Mambo matatu yanayoharibu chelezo, kwa mpangilio wa ukali: reli kudidimia upande mmoja kwa sababu nguzo zilipigwa kwenye tope bila kufika kwenye mwamba, mchanga kuzika ncha ya chini, na waya kuliwa na kutu pale unapozama na kuibuka. Kudidimia ndiko kubaya zaidi. Reli moja ikishuka sentimita 3, kitanda hakivunjiki, ila uzito wote huhamia kwenye magurudumu machache na mkuku wa meli hupinda kidogo. Utakuja kugundua baadaye shafti inapopata moto kwenye beringi zake.

Binti Mikindani

Asante kwa hesabu, Bamvua. Naomba tuzungumze mahali sasa. Watu wa Lindi wanasema chelezo liwe kwao kwa sababu Likong'o ndiko kulikopangwa mtambo wa kusindika gesi. Watu wa Mtwara wanasema bandari yao ndiyo yenye kina. Nani ana hoja?

Bamvua

Dada, kwa kina hakuna ubishi: Mtwara ni bandari ya asili, ndiyo maana waliopanga mradi wa karanga miaka ya 1940 waliichagua. Sasa pana gati jipya la mita 300 pia. Ghuba ya Lindi inapokea Mto Lukuledi, na mto huleta udongo kila masika. Chelezo kwenye mdomo wa mto ni kuchimba tope kila mwaka.

Lakini uwanja wa ukarabati wa vyombo vya mita 60 hauhitaji kina cha meli za kontena. Unahitaji maji tulivu wakati wa kusi, ardhi ngumu, barabara ya kupitisha lori lenye mabamba, na nafasi nyuma ya kukata na kuunganisha. Ndani ya ghuba ya Mtwara utapata utulivu huo bila kujenga ukuta wa mawe. Msimbati usiifikirie kabisa: ipo ndani ya hifadhi ya bahari ya Mnazi Bay na maingilio ya Ruvuma, na ni haki ibaki hivyo.

Nanga ya Sudi

Mimi napingana kidogo. Mkiweka uwanja karibu na gati la Mtwara, fikirieni makaa ya mawe. Vumbi la makaa likitua kwenye rangi ya epoksi ambayo haijakauka, koti hilo limekufa na linapigwa upya. Korosho nayo haipatani na vumbi hilo, ndiyo sababu ya mpango wa bandari ya Kisiwa Mgao kwa shehena chafu. Mpaka makaa yahamie huko, uwanja uwe upande ambao kusi halileti vumbi, la sivyo mtapaka rangi usiku tu, na usiku umande hauwaruhusu.

Na kwa kuwa nimeshaingia kwenye rangi, nimalizie, maana hapa ndipo karakana nyingi za pwani zinapopoteza pesa.

Usipige chuma kwa mchanga wa ufukweni. Najua upo bure, umejaa kila mahali. Una chumvi, na chumvi ikikandamizwa kwenye chuma chini ya rangi, maji hupenya kufuata hiyo chumvi na malengelenge hutokea ndani ya miezi. Pia mchanga wa silika huua mapafu ya fundi pole pole, hata akifunga kitambaa puani. Tumia ganeti (chembe za madini magumu) au takataka ya kuyeyushia shaba. Kabla ya kupiga, osha kwa maji baridi yasiyo na chumvi kwa shinikizo, kwa sababu ukipiga juu ya chumvi unaisukuma ndani ya vijishimo.

Kiwango cha usafi ni Sa 2½: chuma kinafanana rangi karibu kote, kimebaki na vivuli vidogo tu. Vijishimo viwe vya mikroni 50 hadi 75 (mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita) ili rangi ishike. Pima chumvi, isizidi miligramu 50 kwa mita ya mraba. Joto la bamba liwe angalau nyuzi 3 juu ya kiwango cha umande (joto ambalo umande huanza kutua), na unyevu wa hewa usizidi asilimia 85. Kwetu hii ina maana usianze saa 12 asubuhi. Bamba limepoa usiku kucha, ukilipapasa linakuwa na ubaridi wa mtungi, na ukungu wa maji usioonekana umeshalikalia. Anza saa 3 au 4, na saa 10 jioni uwe umefunga makopo.

Kingo za mabamba zisuguliwe kwa grenda ziwe duara kidogo, halafu zipakwe kwa brashi kabla ya kupuliza. Rangi hukimbia kona kali. Ukipima katikati ya bamba unapata mikroni 300, kwenye kona unapata 80, na kutu huanzia hapo kila mara.

Fimbo 7018

Nanga, umeeleza vizuri. Ngoja niseme ya kuchomelea, kwa sababu ndiko wawekezaji huuliza swali la kwanza: mna wachomeleaji wangapi wenye cheti?

Kuchomelea mageti na kuchomelea meli ni kazi mbili. VETA za Mtwara na Lindi zinatoa vijana wenye mikono mizuri, ila mkono mzuri bila karatasi haupandi kwenye kazi ya klasi, yaani inayokaguliwa na shirika la kuainisha meli. Unahitaji kwanza waraka wa utaratibu: chuma gani, unene gani, fimbo gani, ampea ngapi, mkao upi. Sampuli inachomelewa kwa kufuata waraka huo, inakatwa, inapindwa na kuvutwa mpaka ivunjike, mkaguzi akiwa pale. Ikifaulu, waraka unakubalika. Kisha kila fundi anapimwa peke yake kwa mkao wake: wima ni 3G, juu ya kichwa ni 4G, na paipu lililoinamishwa nyuzi 45 ni 6G. Aliyefaulu 6G anakubalika kwenye mikao mingine mingi, ndiyo maana kampuni za gesi humtafuta.

Kwa kiwango cha ISO 9606, cheti hiki lazima kithibitishwe kila miezi 6 kwamba mwenye nacho bado anaifanya kazi hiyohiyo. Fundi akikaa mwaka akichomelea madirisha, cheti kimelala. Kwa hiyo, Mkuku, hoja yako ya oda mfululizo si ya kibiashara tu. Bila oda, wachomeleaji wenye cheti wanatoweka hata kama wote bado wanaishi Shangani hapa Mtwara.

Sasa fimbo zenyewe za kuchomelea. 6013 ni rahisi, inawaka laini, wengi huipenda. Kwenye mwili wa meli unaobeba nguvu, tumia 7018. Tatizo la 7018 ni kwamba udongo unaoifunika hunyonya unyevu, na hewa ya pwani yetu imejaa unyevu. Unyevu ukiingia kwenye moto, unatoa haidrojeni, haidrojeni inajificha ndani ya chuma kinachopoa, na ufa unatokea baadaye, wakati mwingine baada ya siku mbili. Juu mshono unaonekana mzuri, ndani umepasuka.

Kinga yake: pakiti ikifunguliwa, fimbo zikaushwe kwenye oveni nyuzi 300 hadi 350 kwa saa 1 au 2. Zikitoka humo zikae kwenye oveni ndogo ya kubebea, nyuzi 70 hadi 120, na fundi achukue chache chache. Kawaida husemwa zisikae nje zaidi ya saa 4. Kwa Mtwara wakati wa masika mimi ningesema saa 2. Na ukaguzi wa mawimbi ya sauti kwenye chuma kinene au chenye nguvu zaidi ufanyike baada ya saa 48, usifanywe jioni ileile ili mkaguzi awahi ndege.

Mpangilio wa mishono nao una sheria. Kwenye bamba za chini ya meli, maungio mafupi ya upana yachomelewe kwanza, yale marefu ya urefu yafuate, na kazi itoke katikati kwenda pembeni, mafundi wawili wakienda sambamba kulia na kushoto. Ukianza na marefu, umefunga kila kitu, na yale mafupi yanaponywea yanakosa pa kwenda. Bamba linafanya tumbo. Kulinyoosha tumbo hilo kwa moto na maji kunakula muda kuliko kuchomelea kulikotangulia.

Binti Mikindani

Fimbo 7018, na mabamba yenyewe? Dar kuna viwanda vya chuma.

Fimbo 7018

Viwanda vyetu vinatoa zaidi nondo, mabati na paipu. Bamba la meli lenye cheti cha klasi linaagizwa nje. Bamba moja la milimita 8, urefu mita 6 na upana mita 1.5, lina kilo 565. La milimita 10 lina kilo 706. Kila moja lina namba ya mnyeyusho iliyogongwa, na namba hiyo lazima ilingane na cheti kutoka kiwandani.

Kosa linalorudiwa: fundi anakata bamba, kipande chenye namba kinaenda kwenye kazi, kilichobaki kinaegemezwa ukutani. Miezi 4 baadaye kinahitajika na hakuna anayeweza kuthibitisha ni chuma gani. Mkaguzi anakikataa, na ni haki yake. Kabla ya kuwasha gesi ya kukatia, namba igongwe upya kwenye kila kipande kitakachobaki. Ni kazi ya dakika 1.

Rasi

Niongeze upande wa huduma za bahari kuu, kwa sababu uzi unaelemea meli tu.

Kitalu namba 2 cha gesi baharini, chenye visima kama Zafarani iliyogunduliwa 2012, kiko kwenye maji ya kina cha mita 2,500 hivi. Miaka ile ya uchimbaji, bandari ya Mtwara ilikuwa kituo cha kuhudumia meli za kuchimba. Bei ya mafuta ilipoanguka kuanzia 2014, uchimbaji ukapungua na waliokuwa wamekodi maghala wakaondoka. Gesi iliyogunduliwa nchini, futi za ujazo trilioni 57, ipo palepale. Ila huduma hailipwi na gesi iliyo chini. Hulipwa na siku za meli kazini. Mwenye karakana akikopa kwa kutegemea kampeni moja ya uchimbaji, amejichimbia.

Zipo kazi ambazo hazihitaji chelezo, na zinaweza kuanza na mtaji wa wastani. Ukaguzi wa vifaa vya kunyanyulia ni mojawapo. Minyororo, nyaya, mikanda na pingu zote hukaguliwa, kwa kawaida kila miezi 6, kisha hupakwa rangi ya kipindi ili mtu wa gatini ajue kwa jicho kwamba bado inafaa. Fundi hapa lazima ajue pembe. Ukinyanyua tani 5 kwa waya wa miguu miwili, pembe kati ya miguu ikiwa nyuzi 60, kila mguu unabeba tani 2.9 hivi. Ukiifungua hadi nyuzi 120, kila mguu unabeba tani 5 nzima. Waya ni uleule, mzigo uleule. Wengi hufupisha waya ili kreni ifike, wasijue wameuongezea mzigo karibu mara mbili.

Makontena ya bahari kuu nayo si yale ya bandarini. Yananyanyuliwa kutoka kwenye sitaha inayopanda na kushuka, kwa hiyo vishikio vyake hupimwa kwa mara 2.5 ya uzito wa juu kabisa yanapojazwa. Karakana yenye mizani ya majaribio, mifuko ya maji ya uzito na wachomeleaji wa Fimbo 7018 inaweza kuyatengeneza. Na wateja si wa bahari kuu peke yao. Madimba na Songo Songo zina mitambo ya kusindika gesi inayonyanyua vitu kila wiki.

Upande wa sheria, Kanuni za Ushiriki wa Wazawa kwenye mafuta na gesi za mwaka 2017 zinasimamiwa na PURA, mamlaka ya udhibiti wa petroli, kwa upande wa utafutaji na uzalishaji. Huduma isipopatikana kwa kampuni ya Kitanzania, mgeni anatakiwa aungane na mzawa mwenye hisa zisizopungua asilimia 25. Ni mlango mzuri. Ila mzawa anayeingia na leseni tu, bila oveni, bila mizani, bila fundi, anapokea gawio na maarifa yanarudi kwao. Nigeria walisukuma zaidi: kwa mtambo unaoelea wa mafuta wa Egina, moduli 6 za juu zilijengwa hukohuko na meli yenyewe ikaunganishwa Lagos mwaka 2018. Nyuma ya hilo kulikuwa na sheria ya 2010 na miaka mingi ya kazi ndogo ndogo za mafuta zilizolea mafundi.

Mataruma

Kilwa hapa. Wakuu, msiwapite mafundi wa mashua na majahazi. Fundi anayeona kwa jicho kwamba ubao wa tatu kutoka mkuku hauendi sawa na wenzake, huyo ni hazina kwenye chumba cha kuchorea maumbo ya meli ya chuma. Kompyuta inatoa mistari, lakini kigezo cha mbao kinachobebwa hadi kwenye taruma (mbavu za chombo) na kuonyesha kwamba chuma kimepinda vibaya bado kinatengenezwa kwa mkono. Pia ni watu wanaojua kuegesha chombo kwa bamvua, kukiinamisha, kukichoma chini na kukitia kalafati kabla maji hayajarudi. Ratiba ya Bamvua wao wanaiishi tayari.

Bandari ya uvuvi ya Kilwa Masoko italeta boti nyingi za faiba. Hizo zina magonjwa yake. Kigumuzishi kiwe asilimia 1 hadi 2 ya resini, na kwa joto letu kaa karibu na 1. Ukizidisha, resini inachemka kwenye ndoo, tabaka linakauka kabla halijalowana vizuri na nyuzi zinabaki nyeupe. Nyeupe hiyo ni hewa, na maji yatapita humo. Ukipunguza sana kwa kuogopa joto, haikauki kabisa, inabaki inanata siku ya tatu. Pimeni kwa mizani, achaneni na kifuniko cha chupa.

Mkuku

Mataruma, asante sana kwa hilo la vigezo.

Kabla hatujarudi kwenye hesabu, niweke jambo moja la usalama. Kivuko kikijengwa, au kikifanyiwa ukarabati uliobadilisha uzito wake, kipimwe urari kwa kuhamisha mizigo. Nchi hii ilishapoteza watu wengi mno kwenye MV Bukoba mwaka 1996 na MV Nyerere mwaka 2018, na mtu wa uwanja wa meli hana ruhusa ya kulichukulia hili kama karatasi.

Kipimo ni rahisi kukieleza. Ning'iniza timazi ya mita 3 ndani ya chombo, ncha ikiwa kwenye ndoo ya mafuta ili isiyumbe. Hamisha mzigo unaojulikana kutoka upande mmoja hadi mwingine. Tuseme tani 4 kwa mita 6, chombo kikiwa na tani 400 na timazi ikasogea milimita 75. Mzigo mara umbali ni 24. Milimita 75 juu ya mita 3 ni 0.025, ukizidisha kwa 400 unapata 10. Gawanya, unapata mita 2.4: huo ndio urefu unaoonyesha jinsi chombo kinavyojirudisha kikiinama.

Kinachoharibu kipimo ni vitu vidogo. Kamba za kufungia zikikaza zinakishika chombo, na jibu linatoka zuri kuliko ukweli. Matangi yaliyojaa nusu yanachezesha maji ndani, kwa hiyo yawe yamejaa kabisa au makavu, na maji ya ngama, yaliyokusanyika chini ndani ya chombo, yafyonzwe. Watu wasitembee. Fanyeni alfajiri kabla upepo haujaamka, maji yakiwa yamesimama kati ya kujaa na kupwa. Na chombo kisikalie tope hata kidogo.

Binti Mikindani

Mkuku, uliahidi hesabu ya oda. Chelezo moja hapa Mtwara linaweza kula kazi kiasi gani kwa mwaka?

Mkuku

Dada, nilikuwa naisubiri hiyo. Tuchukue chelezo la Bamvua, kitanda kimoja, linalofanya kazi kwa bamvua tu. Chombo kinapanda bamvua hii, kinashuka bamvua ijayo, siku 14 au 15. Kwa mwaka kuna nafasi 24 hivi. Ondoa siku za kusi kali, ondoa masika ambapo rangi haikauki, ondoa wiki za kutengeneza chelezo lenyewe. Tuseme 16.

Kila chombo kikibadilishwa mabamba 12 ya milimita 8, ni tani 6.8. Mara 16, ni tani 109 kwa mwaka. Kivuko kipya cha mita 50 kinaweza kumeza tani 350. Mnaona pengo: ukarabati wa mwaka mzima ni chini ya theluthi ya chuma cha kivuko kimoja. Uwanja mchanga ukitumia saa 150 za mtu kwa tani, tani 350 ni saa 52,500. Fundi mmoja akitoa saa 160 za kazi halisi kwa mwezi, mafundi 40 watakwenda miezi 8 na siku kadhaa.

Wateja wapo: kivuko cha Msangamkuu, kivuko cha Kitunda kule Lindi, tagi na boti za marubani za bandari, boti za doria, matishari, vyombo vya uvuvi. Meli ya abiria ya kimataifa hukaguliwa chini kila mwaka, ya mizigo mara 2 ndani ya miaka 5. Mwanza walipata kazi kwa njia hiyohiyo: Songoro Marine wamejengea TEMESA, wakala wa serikali wa vivuko, vivuko kadhaa kimoja baada ya kingine, na MV Mwanza ya mita 92.6 ikajengwa hapohapo mjini, chelezo likiwa sehemu ya mpango tangu mwanzo.

Kinachokwamisha ni kitanda kimoja. Chombo kikipanda na kukutwa kimeoza kuliko ilivyodhaniwa, siku 15 hazitoshi. Kikikaa bamvua mbili, kimemfungia njia mteja anayefuata, na mteja huyo atakwenda Dar au Mombasa na hatarudi. Kwa hiyo, kabla ya jengo la ofisi, kabla ya kreni kubwa, zijengwe reli za pembeni juu ya chelezo, ili chombo kilichochelewa kisogezwe ubavuni na kitanda kirudi majini. Reli 2 za pembeni zinatoa nafasi 2 za kazi ndefu, na ujenzi wa kivuko kipya unaweza kukaa kwenye mojawapo miezi 8 bila kuzuia ukarabati.

Bamvua

Nakubali kuhusu reli za pembeni. Nyongeza tu: nguzo za eneo hilo zipigwe sambamba na za chelezo, kwa mkandarasi yuleyule na mashine ileile. Zikiachwa kwa awamu ya pili, eneo jipya litadidimia tofauti na la zamani, na chombo cha tani 500 kitapita juu ya ngazi ya sentimita 2 kila kinaposogezwa.